Nani Aanze Kunyoosha Mkono?



Leo tungependa kuzungumza nanyi juu ya swali ambalo limekaa kama mwiba katika nyumba nyingi za Wakristo. Mume na mke wamekosana. Siku zinapita. Kila mmoja anajua kwamba hali hii haifai, na moyoni kila mmoja angefurahi kama ingekwisha. Lakini hakuna anayesema neno la kwanza. Mume anawaza, "Yeye ndiye aliyenikosea, basi na aanze yeye." Mke naye anawaza vivyo hivyo. Je, nani aanze?

Tuchukue mfano. Bwana mmoja na bibi yake walikuwa wameweka akiba ya shilingi 40,000 kwa ajili ya karo ya binti yao aliye katika shule ya bweni. Wiki moja kabla ya shule kufunguliwa, ndugu ya huyo bwana alikuja na shida zake, akaapa kwamba atarudisha pesa baada ya siku kumi. Bwana akampa, wala hakumwambia mkewe. Siku kumi zikapita, na nyingine kumi. Mchana mmoja binti akaonekana langoni na sanduku lake: amerudishwa nyumbani kwa sababu ya karo. Hapo ndipo mama alipojua mambo yalivyo. Jioni ile ile, mbele ya mama mkwe na mashemeji, alimwambia mumewe maneno ambayo mwanamume hayasahau upesi: kwamba yeye si baba wa nyumba, bali ni mfuko wa ndugu zake.

Sasa ni miezi miwili. Karo ilipatikana kwa mkopo wa chama, na binti amerudi shuleni. Lakini nyumba imenyamaza. Baba akitaka chai humtuma kitinda mimba: "Mwambie mama alete chai." Mama naye hujibu kupitia kwa mtoto yule yule. Usiku wanalala kitanda kimoja, kila mmoja akiutazama ukuta wake. Jumapili wanakwenda kanisani pamoja, wamevaa vizuri, na wanaketi benchi moja, watoto wakiwa katikati. Wakati wa kutakiana amani, baba anawasalimu walio mbele na walio nyuma yake. Mama anawasalimu akina mama wenzake. Halafu, kwa kuwa watu wanatazama, wanagusana vidole bila kutazamana machoni. Kisha wote wawili wanapanga foleni ya Komunyo.

Mfano huu tumeutunga sisi, lakini tunadhani hautakuwa mgeni kwenu. Vikombe vikikaa pamoja havikosi kugongana. Tusipoteze muda kuuliza kwa nini viligongana. Tuulize ni nani atakayenyoosha mkono kwanza, mkono wa kweli, si ule wa vidole.

ALIYEKOSEWA NDIYE ALIYEANZA

Sisi wanadamu tuna sheria moja mioyoni mwetu: mwenye kosa ndiye aje. Sheria hiyo haikutoka hewani. Inatokana na haki, nasi hatutaki kuidharau. Lakini tukifungua Maandiko Matakatifu tunakuta kwamba Mungu mwenyewe hakungoja ifuatwe.

Soma tena sura ya tatu ya kitabu cha Mwanzo. Baada ya kula tunda, Adamu na Eva hawakwenda kumtafuta Mungu ili waombe radhi. Walijificha kati ya miti. Aliyetoka kutafuta ni Mungu, yaani yule aliyekosewa. Alimwita Adamu na kumwuliza yuko wapi. Je, Mungu hakujua alipo? Alijua. Swali lile halikuwa la kutafuta habari. Lilikuwa mlango uliofunguliwa ili mtu aliyejificha apate nafasi ya kutoka na kusema.

Na angalieni Adamu alivyojibu. Badala ya kukiri, alimtupia mkewe lawama, na mkewe akamtupia nyoka. Kumbe ugomvi wa kwanza wa mume na mke ulizaliwa siku ile ile watu walipotengana na Mungu. Mambo haya mawili hutembea pamoja. Mungu hakuficha ukweli wa kosa lao. Aliutaja, na matokeo yake akayataja. Lakini kabla ya kuwatoa katika bustani, aliwatengenezea mavazi ya ngozi akawavika (Mwa 3:21). Aliyekosewa ndiye aliyeifunika aibu ya waliomkosea.

Hivyo ndivyo Mungu anavyotenda tangu mwanzo hadi msalabani. Mtume Paulo anawakumbusha Wakristo wa Roma kwamba Kristo alikufa kwa ajili yetu tulipokuwa bado wenye dhambi, na kwamba tulipatanishwa na Mungu tulipokuwa bado maadui zake (Rum 5:8-10). Hasemi kwamba Mungu alingoja kwanza tujute vya kutosha. Tena katika barua ya pili kwa Wakorintho anaeleza kwamba Mungu, baada ya kutupatanisha naye kwa njia ya Kristo, ametukabidhi sisi kazi hiyo hiyo ya upatanisho (2 Kor 5:18-20).

Sasa sisi tuliofunga ndoa kanisani tunafundishwa kwamba ndoa yetu ni ishara ya upendo wa Kristo kwa Kanisa lake (Efe 5:25-32). Ishara huonyesha kitu. Ikiwa Kristo alianza kututafuta, ndoa ambayo kila mmoja ndani yake anangoja mwenzake aanze inaonyesha nini? Watoto wetu wataijuaje habari ya Mungu anayetafuta, ikiwa nyumbani hawajamwona hata mtu mmoja akitafuta?

JE, HUU SI UDHALIMU?

Hapa msomaji ana haki ya kutuuliza, "Mnataka kusema kwamba mimi niliyeumizwa ndiye nibebe mzigo wa kuanza? Huko si kumzoesha mkosaji vibaya?" Swali hili ni zito, na si vizuri kulijibu kwa haraka.

Fikirini juu ya deni. Jirani yako anadaiwa nawe shilingi elfu kumi, naye hana. Ukimsamehe, je, zile elfu kumi zimeyeyuka? La. Zimetoka mfukoni mwako. Deni likisamehewa halipotei. Ila mwenye kudai ndiye anayekubali kulibeba. Ndiyo maana kusamehe kunauma. Anayekuambia kwamba kusamehe ni jambo jepesi, hajawahi kusamehe jambo kubwa.

Nabii Hosea alilifahamu hilo. Mkewe Gomeri alimwacha akafuata wapenzi wengine. Mungu akamwagiza Hosea aende akampende tena mwanamke yule, iwe mfano wa jinsi Mungu anavyowapenda watu wake Israeli waliomwacha. Hosea alimpata kwa kulipa shekeli 15 za fedha pamoja na shayiri (Hos 3:1-2). Ni kana kwamba fedha haikutosha, ikabidi aongeze na nafaka ya ghalani. Aliyeachwa ndiye aliyelipa. Lakini msisahau mstari unaofuata: Hosea alimwambia mkewe kwamba atakaa siku nyingi bila kuwaendea wanaume wengine. Yaani mlango ulifunguliwa, lakini uzinzi haukuitwa jambo dogo.

Kwa hiyo, kuanza si kukubali kwamba wewe ndiwe mkosaji, wala si kusema kwamba kosa halikuwa kosa. Ni kusema, "Kosa lipo, limeniumiza, lakini mimi ninakutaka wewe kuliko ninavyotaka kushinda kesi hii." Hilo si kumzoesha mtu vibaya. Kinachomzoesha mtu vibaya ni kunyamaza na kujifanya kwamba hakuna kilichotokea.

KUTAFUTA SI KUBURUTA

Katika sura ya 15 ya Injili ya Luka, Bwana wetu anasimulia mifano mitatu. Mchungaji amepoteza kondoo, mwanamke amepoteza sarafu, baba amepoteza mwana. Mchungaji anatoka, anatafuta mpaka anapata, na kumbeba mabegani. Mwanamke anawasha taa na kufagia nyumba nzima. Lakini baba hakwenda nchi ya mbali kumfunga mwanawe kamba na kumrudisha. Kwa nini? Sarafu haiwezi kukataa kuokotwa. Kondoo anaweza kubebwa. Mwana ni mtu mwenye hiari, na upendo haulazimishwi.

Hata hivyo yule baba hakukaa tu nyumbani amekunja mikono. Mwana alipokuwa bado mbali, baba alimwona. Basi macho yake yalikuwa njiani. Akakimbia, mzee mzima, akamkumbatia kabla hajasema lolote. Mwana alikuwa ameandaa maneno yake: angeomba apokewe kama mmoja wa vibarua. Lakini maneno hayo ya kibarua hakuyafikia, kwa maana baba alikwisha kuagiza vazi, pete na viatu.

Jambo hili linatugusa sana sisi wenye ndoa. Wako wanaosamehe, lakini wanampokea mwenzao kama kibarua. Mume alikosa mwaka juzi, tangu hapo hana sauti nyumbani, na kila neno likitokea anakumbushwa, "Wewe nyamaza, tunakujua." Au mke alikosa, na kwa miaka kumi analipa kwa kuhesabiwa kila hatua na kila shilingi. Huko si kumrudisha mtu nyumbani. Huko ni kumwajiri. Mungu anapomrudisha mtu humrudisha kuwa mwana.

Na bado ukweli haukufichwa. Baba alimwambia mwana mkubwa kwamba mali yote iliyobaki ni yake. Sehemu ya mdogo ilikuwa imekwisha tapanywa, na mfano hausemi popote kwamba ilirudi. Aliyerudi ni mtu.

Tena tusimsahau huyo mwana mkubwa. Alikasirika, akakataa kuingia karamuni. Baba alitoka nje kwa ajili yake pia. Siku moja baba alitoka mara mbili: mara ya kwanza kwa ajili ya aliyekosa waziwazi, mara ya pili kwa ajili ya aliyejiona hana kosa. Na Bwana wetu hatuambii kama yule mkubwa aliingia au alibaki uani. Mfano unaishia mlangoni. Pengine ni kwa sababu jibu letu bado halijaandikwa.

KUSAMEHE NA KUPATANA

Ni lazima sasa tutofautishe mambo mawili ambayo mara nyingi huchanganywa. Kusamehe ni kazi ya mtu mmoja. Naweza kusamehe hata kama mwenzangu hajajuta, hata kama ameondoka, hata kama amekufa. Kupatana ni kazi ya watu wawili, na kunahitaji ukweli kutoka pande zote mbili.

Tarehe 13 Mei 1981, Papa Yohane Paulo wa Pili alipigwa risasi katika uwanja wa Mtakatifu Petro huko Roma na kijana wa Kituruki, Mehmet Ali Ağca. Siku nne baadaye, akiwa bado hospitalini, Baba Mtakatifu alitangaza kwamba amemsamehe. Mwishoni mwa Desemba 1983 alikwenda mwenyewe gerezani, akaketi karibu naye na kuzungumza naye. Aliyepigwa risasi ndiye aliyemtembelea aliyepiga. Lakini mlango wa gereza haukufunguliwa siku ile. Ağca alibaki katika gereza la Italia hadi mwaka 2000, Rais wa nchi hiyo alipompa msamaha, kisha akapelekwa Uturuki kutumikia kifungo kingine. Msamaha wa moyoni ulikuwa kamili tangu mwanzo, na bado sheria ilifanya kazi yake. Mambo hayo mawili hayakupigana.

Twalisema hili kwa sababu ya ndugu zetu, hasa akina mama, wanaopigwa nyumbani. Wengine wameambiwa, hata na watu wa Kanisa, "Wewe ni Mkristo, samehe urudi." Wamerudi, wakapigwa tena. Wapendwa, huo si upatanisho wa Mungu. Mtu anayepiga hajapatana na mtu hata akilia machozi usiku kucha. Atakuwa ameanza safari siku atakapoacha kupiga na kukubali kusaidiwa. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, katika kanuni ya 1153, inasema wazi kwamba mwenzi anayemtia mwenzake au watoto katika hatari kubwa, ya roho au ya mwili, anampa huyo mwenzake sababu halali ya kutengana naye. Kama kungoja ni hatari, anaweza kuondoka mara moja. Kanuni hiyo hiyo inataka maisha ya pamoja yarudishwe sababu ile inapokwisha, isipokuwa wenye mamlaka katika Kanisa waamue vingine. Sababu ikwishe kweli, si kwa maneno tu. Hapa Kenya pia kuna sheria ya mwaka 2015 ya kuwakinga watu na ukatili wa nyumbani. Kuitumia si dhambi wala si kukosa imani.

Juu ya uzinzi, kanuni ya 1152 inamsihi mwenzi asiye na kosa asikatae kusamehe, kwa upendo wa Kikristo na kwa faida ya familia. Lakini haimlazimishi, haki yake ya kutengana inatambuliwa. Na wale ambao wametengana na hawawezi kurudiana, Yohane Paulo wa Pili aliwakumbuka katika waraka wake juu ya familia, Familiaris Consortio, wa mwaka 1981. Anataka jumuiya ya Kanisa iwaheshimu na kuwategemeza, ili waweze kukuza ndani yao msamaha na utayari wa kurudiana ikiwezekana. Wasionekane kama watu walioshindwa. Pengine katika jumuiya yako ndogo yuko mama anayelala peke yake na amesamehe kabisa. Usimpite.

WATAKUTANA NJIANI

Sasa turudi kwa swali letu: nani aanze?

Kuna maneno mawili ya Bwana wetu katika Injili ya Mathayo ambayo ni vizuri kuyasoma pamoja. La kwanza liko sura ya 5, aya ya 23 na 24. Ukiwa unaleta sadaka yako altareni, ukakumbuka kwamba ndugu yako ana neno juu yako, iache sadaka, nenda kwanza mkapatane, ndipo urudi. Hapa anayetumwa ni yule anayelaumiwa. La pili liko sura ya 18, aya ya 15. Ndugu yako akikukosea, nenda ukamweleze kosa lake, ninyi wawili peke yenu. Hapa anayetumwa ni yule aliyekosewa.

Mnaona? Aliyekosa ametumwa. Aliyekosewa naye ametumwa. Hakuna hata mmoja aliyeambiwa akae angoje. Kama wote wawili wakimtii Bwana, watakutana njiani. Swali la "nani aanze" linabaki swali pale tu ambapo wote wawili wamekataa kutoka.

Wakristo wa Kongo wanalionyesha jambo hili katika Misa yao. Utaratibu wa Misa uliokubaliwa na Roma mwaka 1988, nchi hiyo ilipokuwa bado inaitwa Zaire, unaweka toba na kutakiana amani baada ya mahubiri na Nasadiki, kabla ya kupeleka matoleo. Mtu hunyoosha kwanza mkono kwa ndugu yake, ndipo hupeleka sadaka yake. Sisi hapa hutakiana amani karibu na Komunyo. Mahali ni tofauti, lakini mkono ni ule ule, nao unauliza swali lile lile.

Wazee wetu pia walikuwa na hekima yao. Katika jamii zetu nyingi, mke aliporudi kwao kwa sababu ya ugomvi, mume hakumwita tu kwa ukali kama anayeita mbuzi. Alikwenda na wazee wake, akaketi mbele ya wakwe, akasikiliza mashtaka, naye akasikilizwa. Mara nyingi alitozwa faini kabla ya kuruhusiwa kurudi na mkewe. Desturi hiyo ilikuwa na kasoro zake, kwani wako wanawake waliorudishwa penye hatari. Lakini ilijua kwamba maneno matupu hayatoshi, na kwamba ugomvi wa wawili una mashahidi wanaoumia. Wapiganapo fahali wawili, ziumiazo ni nyasi. Mwulizeni yule kitinda mimba anayebeba ujumbe wa chai.

TUFANYE NINI?

Sakramenti ya Upatanisho inatufundisha njia. Tunapokwenda kuungama, tunatakiwa kujuta, kukiri dhambi zetu kwa maneno, na kutimiza malipizi. Mambo hayo matatu yanafaa pia kati ya mume na mke.

Kwanza, kujuta. Usiseme, "Kama nimekukosea, unisamehe." Neno "kama" linafuta yote yanayofuata. Jitazame kwanza peke yako mbele ya Mungu mpaka ulione kosa lako bila "kama".

Pili, kukiri kwa maneno. Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake Amoris Laetitia wa mwaka 2016, aliwaasa wanafamilia wasimalize siku bila kupatana, na akasema kwamba si lazima kupiga magoti. Ishara ndogo yatosha. Ni kweli kwa ugomvi wa siku moja. Lakini jeraha lililolala miezi miwili linahitaji kutajwa jina lake. Watu hupenda kusema, "Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo." Methali hii ni nzuri, ila ikitamkwa na aliyekosa, kabla aliyekosewa hajasikilizwa, inakuwa kifuniko juu ya kidonda kibichi. Bora tukumbuke nyingine: usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Tatu, malipizi. Aliyechukua pesa azirudishe, hata kwa kidogo kidogo. Aliyemwaibisha mwenzake mbele za watu amrudishie heshima mbele ya watu wale wale. Aliyedanganya akubali kuulizwa maswali kwa muda bila kukasirika. Imani iliyovunjika hujengwa upya kwa matendo mengi madogo. Na mwenye kudai naye aweke kikomo. Malipizi yasigeuke kibarua cha maisha.

Tuwarudie basi wale wawili wa mfano wetu. Bwana yule hana haja ya kungoja mkewe aombe radhi kwa maneno yale makali. Mathayo 5 inamtuma yeye: "Nilitoa pesa za mtoto wetu bila kukuambia. Nilikuogopa, na nilitaka kuonekana mkubwa mbele ya ndugu yangu." Mke yule naye hana haja ya kungoja pesa zirudi. Mathayo 18 inamtuma: amweleze mumewe alivyoumia, wakiwa wawili peke yao, jambo ambalo jioni ile halikufanyika. Naye atakuwa na la kukiri: "Nililosema lilikuwa na ukweli ndani yake, lakini nililisema mahali pa kukuaibisha." Hatuwezi kuahidi kwamba wote wawili watatoka usiku mmoja. Huenda mmoja atatoka peke yake, na mwenzake atabaki ameukabili ukuta. Hata hivyo hakutoka bure. Baba wa mfano wa Luka alitoka pia kwa ajili ya yule asiyetaka kuingia.

Jumapili ijayo, padre atakapowaambia mtakiane amani, mtazame mwenzako machoni. Ukiona huwezi, basi umekwisha kujua kazi yako ya jioni hiyo. Usingoje kuulizwa uko wapi.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA NYUMBANI

1. Katika nyumba yetu, ni nani ambaye kwa kawaida huanza kusema baada ya ugomvi? Kwa nini ni yeye kila mara?

2. Je, kuna kosa ambalo tulisema limesamehewa, lakini bado mmoja wetu anaishi kama kibarua kwa ajili yake?

3. Watoto wetu hubeba ujumbe gani kati yetu? Je, wamewahi kutuona tukiombana radhi?

4. Ni jambo gani moja ambalo ningependa ulisikilize mpaka mwisho, bila kunijibu usiku huu?

Someni pamoja Luka 15:11-32. Mkifika mwisho, nyamazeni kidogo. Kisha aliye karibu na mwenzake zaidi anyooshe mkono. Na kwa kuwa mmeketi wawili, umbali ni ule ule kwa wote.

Mungu, aliyewaunganisha, awabariki.